Siku ya Kuficha Majembe

"Majembe yote yafichwe kabla ya saa nne!" Mwenyekiti wa kijiji alipita nyumba hadi nyumba akitangaza. "Nikiona hata mpini, tutakosana."

Barua ilisema mtaalamu wa maendeleo anakuja kuona kijiji kinategemea nini. Kwa Mwenyekiti, huyo alikuwa mtu wa kiwanda, hakuna mjadala. Mahindi yalikuwa yamekauka misimu miwili mfululizo, na wanawe wote wawili wamekwenda mjini kubeba zege. Kiwanda kikija, watarudi nyumbani. Aliwakumbuka mpaka machozi yakamtoka.

"Mume wangu, si umuulize kwanza kilichomleta?" mkewe alisema.

"Mgeni haulizwi hivyo, mke wangu. Na nani atajenga kiwanda kwa watu wa jembe?"

Basi nasi tukamfuata, akili zetu zinajulikana. Mashine ya kusaga, cherehani tatu na msumeno wa seremala vikarundikwa kwenye ghala la mahindi, maana lilikuwa tupu. Mlangoni tukaandika ENEO LA VIWANDA. Fundi baiskeli akaazimiwa koti jeupe la zahanati, akaitwa meneja wa uzalishaji. Alipendeza, tusiseme uongo.

Mgeni akafika na mabuti ya mpira. Akakuta mashine inanguruma, ingawa ndani hamkuwa na hata punje.

"Mashamba yako wapi?" akauliza.

"Yale? Vichaka tu, mheshimiwa."

"Na mvua haiwasumbui?"

"Mvua!" Mwenyekiti akacheka kwa dharau. "Tuliachana nayo zamani. Inyeshe isinyeshe, hapa ni mashine tu."

Mgeni akaandika. "Kwa hiyo hakuna anayelima?"

"Labda mama mkwe wangu, na yeye ni ubishi tu."

Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Mwenyekiti akatukonyeza. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye wanawe wameshafika njia panda na mabegi yao.

Mgeni akafunga daftari, akampa mkono kwa furaha ya kweli.

"Hongereni sana. Mmenirahisishia kazi, maana mradi unatosha kijiji kimoja tu. Wenzenu wa nyuma ya kilima wao bado wanategemea kilimo, basi mfereji wa kumwagilia mashamba nitawachimbia wao."