Kobe Anaandika

Katika grupu la kuchati la wanyama vijana, Kobe peke yake ndiye aliyeandika polepole. Siku moja Ngedere aliicheka picha mpya ya Nguchiro. Nguchiro akamtukana. Ngedere, damu ikimchemka, akaandika tusi la kuvunja urafiki wao kabisa. Kabla hajalituma, juu ya kioo pakatokea: "Kobe anaandika..."

"Ngoja kwanza, huyu naye atasema nini?" akajiuliza.

Akangoja. Nguchiro naye akangoja. Grupu zima likanyamaza nusu saa, hasira zikapoa kama uji. Hatimaye ujumbe ukaingia: "Salama, za kwenu?"

Kumbe Kobe alikuwa anajibu salamu ya asubuhi!

Ngedere alicheka hadi simu ikamponyoka. Alipoiokota, akalifuta lile tusi. Tangu hapo, ugomvi ukianza, wenzake humsihi: "Kobe, hebu andika chochote."