Siku Mbili Ng'ambo ya Mto

Zamani zile ndege walipokuwa wakilima, mto uligawa nchi mbili, huku kwa Kwale, ng'ambo kwa Kanga.

Siku moja Mama Kwale akavuka kumtembelea shoga yake Kanga. Akakaa siku mbili, akarudi macho yamelegea, kama mtu aliyeamshwa kwenye ndoto tamu.

"Mume wangu, kule ndiko kuishi. Nimelala juu ya manyoya, nimekula kumbikumbi, sikuinua hata kijiti. Hapa ni mimi na jembe, jembe na mimi. Tuhame."

"Na mtama unaokaribia kuiva?"

"Tuwaachie nyani."

Mume alikuwa mpole, akakubali. Alfajiri wakaingia mtoni na vifaranga wao, wakiruka jiwe hadi jiwe, ukungu umelala juu ya maji kama maziwa. Katikati ya mto wakakutana na Kanga, watoto nyuma, mkeka kichwani.

"Shoga, wapi na mkeka?"

"Nahamia kwenu. Nilipokuja mwezi ule ulinilaza pazuri, ukanichomea mtama mbichi. Kwetu ni jembe tu."

Mama Kwale akasita. "Kwangu ulikaa siku ngapi, Kanga?"

"Mbili. Na wewe kwangu?"

"Mbili."

Maji yakawapita miguuni. Wote walijua mgeni hupewa nini siku ya tatu.

Kifaranga wa mwisho akavuta ubawa wa mama yake. "Mama, jembe letu tumelisahau shambani."

"Turudi upesi, mwanangu. Nyani huamka mapema."