Mchicha Bila Udongo

Mshonaji alimkuta mumewe uani akitoboa vidumu vya mafuta ya kula kwa msumari wa moto, kisha akipachika miche ya mchicha, mizizi ikining'inia ndani ya maji ya mbolea.

"Baba Kidoti, leo umeanza vituko," alimtania. "Ua wote huu, unapanda kwenye maji?" Akachota udongo, akataka kuutia kwenye kidumu.

Mumewe akakiziba kwa kiganja.

"Usiweke, mama. Mara ya mwisho kushika udongo, nilikuwa namfukia Kidoti."

Mshonaji akaumwaga ule udongo. Kumbe kimya chote cha mumewe tangu mazishi hakikuwa cha mtu aliyepoa. Akaenda bombani, akanawa hadi ndani ya kucha, akarudi kuketi ubavuni pake.

"Nipe na mimi kidumu."

Mumewe akaangua kilio.