Maziko Mbele ya Kamera

Kwa mara ya tatu wanaume wanne walilipandisha sanduku kutoka kaburini, kamba zikiwachuna viganja, na bado Bwana Delmar akapiga kelele kwa Kiingereza.

"Anasema mrudie," Mika akatafsiri.

Aliyasema hayo kwa sauti ya jeshi, sauti aliyorudi nayo kutoka Burma pamoja na Kiingereza chake. Huko kambini, juu ya shuka jeupe, ndiko alikoiona sinema ya Mmarekani huyu. Askari waliozoea mauti walilia kama watoto. Mika aliapa kwamba hatazeeka kabla ya kujua jinsi mtu anavyolikamata chozi na kulifungia ndani ya kamera. Sasa Bwana Delmar mwenyewe yuko hapa Kitandililo, kwenye kiti cha turubai, amejitanda blanketi, anakohoa kwa baridi. Na ahadi ameshaitoa: "Nipatie mazishi yangu, nami nitakuchukua Nairobi ujifunze kazi."

Kwao Amerika, alisimulia mpiga picha wake, Bwana Delmar alianza kwa kunywesha farasi wa sinema za kauboi. Akapanda cheo hadi kuwa mwongozaji. Hajatimiza miaka arobaini, waongozaji wote walikuwa wakimwiga namna ya kuisogeza kamera hadi usoni mwa mtu, pasipo na pa kujificha. Kisha picha zake mbili zikaanguka mfululizo, matajiri wa kampuni wakampa kisogo. Hii ya Tanganyika ndiyo ya mwisho. Bila mazishi haikuwa picha, na bila picha yeye hakuwa mtu.

Shida ilikuwa kupata wa kuzika. Wabena walikubali kuimba, kucheza, hata kutupiana mikuki mbele ya kamera. Lakini kuigiza maziko?

"Huo ni uchuro," walimwambia Mika. "Kaburi la mchezo halikubali kulala na njaa."

Mika akaenda kwa Jumbe Kasimiri, akamwekea sanduku la kampuni mlangoni na kulitaja jina la Bwana Shauri, Mzungu wa Serikali wilayani. Jumbe alicheka bila furaha.

"Ninyi Wakinga wa Iwawa! Hata maziko mnayataka kwa miadi." Akalizunguka sanduku, akaligonga kwa kidole. "Haya. Amri ni amri. Liache hapa. Watu watapatikana."

Na leo asubuhi walipatikana: Anania na mkewe Telesia, ndugu zao, na Nahumu, mwinjilisti wa Kilutheri, na kitabu chake cha nyimbo. Mika alipowaona wakitokeza katika ukungu na sanduku mabegani, wamejipanga, wameinamisha vichwa, aliona Nairobi.

"Kijana," Anania alimwita sasa, akijipangusa udongo mikononi. "Turudie mara ngapi?"

"Mpaka aridhike, baba."

"Na Serikali ndivyo inavyotaka?"

"Ni amri."

"Basi mwombe afanye haraka. Mama huyu hajatia kitu kinywani tangu juzi."

"Mimi ni mdomo tu, baba. Siamui."

"Hata mdomo una mwenyewe," Nahumu alidakia, bila kuinua macho kitabuni.

Mika alijifanya hakusikia. Wazee wa huku, alijiambia, hawachoki kutia maneno. 

Bwana Delmar alikuwa ameinuka. "Yule mama amekauka kama gogo! Mwambie afikirie kwamba mle ndani yumo mtoto wake."

Mika akasita. Kisha akatafsiri, neno kwa neno.

Telesia alimtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anavyoitazama mvua inayounyeshea ulezi alioanika, naye yuko mbali na nyumbani.

Kamera ikaanza kunguruma. Sanduku likashuka. Nahumu akaanzisha wimbo, sauti ikamkatikia njiani. Hapo Telesia akaanguka magoti ukingoni mwa kaburi, akanyoosha mikono, akalia kilio kilichowainua kunguru mashambani.

"Noela! Noela wangu, wanakuchezea!"

"Anasemaje?" aliuliza Bwana Delmar, midomo ikimcheza.

"Amempa mtoto hata jina," Mika alinong'ona.

Mzungu akalia. Blanketi lilimwanguka, akalikanyaga, akamkumbatia Mika mbele ya watu wote. "Nimeipata! Umeona uso ule? Jiandae, tunaondoka wote."

Kifua cha Mika kilijaa. Alitaka kumwambia yule mama kwamba Amerika nzima itamlilia, lakini Telesia alikuwa amelala kifudifudi juu ya udongo na wanawake walikuwa wakimpepea. Anavyojua kuigiza! Haachi hata kamera ikishazimwa.

Mpiga picha alikuwa tayari anapakia vitu kwenye lori. Sanduku lilihitajiwa Nairobi, kwa picha za karibu. Mika akawaamuru wanaume walipandishe kwa mara ya mwisho, akapiga goti kando yake, nyundo mkononi. Walilemewa kwelikweli, mawe aliyoyatia yeye mwenyewe kabla ya kulipeleka kwa Jumbe yalikuwa yamefanya kazi yake.

"Baba Anania, mmefanya kazi ya kiume," alisema. "Sasa tufungue tumwage mawe. Bwana anataka sanduku lake."

Anania aliweka kiganja juu ya kifuniko, polepole.

"Mawe tuliyaacha kwa Jumbe, mwanangu. Noela asingeenea pamoja nayo." Akatazama chini. "Lakini kama Serikali inalitaka na sanduku, nipe ruhusa nikalete mkeka."