Tumbo la Tamimu

"Usilibane tumbo, Baba Siti! Pumua kama binadamu!"

Mwanaamina aliikaza futi kamba ya fundi cherehani kitovuni kwa mumewe, Tamimu. Akapima na shingo, akatoa, akalinganisha na urefu wake kama daktari alivyomfundisha mwaka ule wa themanini na sita. Jibu likamkata maini: asilimia thelathini na ushei ya mwili wa Tamimu ilikuwa mafuta, kama mwezi uliopita.

Alitamani kulia. Daktari alishasema wazi kwamba moyo wa Tamimu hautauweza mzigo ule. Tangu siku hiyo mawese hayakuingia tena katika nyumba yao ya Kasulu. Tamimu alikula mchicha wa kuchemsha na kitonge cha ugali wa muhogo, akinung'unika. Akikaa nyumbani, tumbo lilipungua. Akienda Kibondo kununua maharage, alirudi nalo limejaa tena.

"Kwani huko unakula nini?"

"Nafikia kwa Mzee Kipriani, mama. Mgeni hachagui chakula. Nikikataa watasema nawadharau."

"Waambie unaumwa!"

"Mambo ya maradhi hayatangazwi."

Mwanaamina alichoka. Yeye ahangaike na mboga, watu wengine wamuulie mume kwa ukarimu wao! Safari iliyofuata alimwacha Tamimu atangulie. Kesho yake akapanda lori la mizigo, akapita Makere amekunja uso, vumbi likimwingia hadi kooni. Alikuwa na maneno ya kumwambia mke wa Mzee Kipriani, tena si ya kubembelezana.

Kibondo, alipomuulizia Tamimu wa maharage, alionyeshwa nyumba ya bati nyuma ya soko. Harufu ya mawese ilimpokea uani. Akabisha hodi kwa hasira.

Akatoka mwanamke kijana, futi kamba ikining'inia shingoni.

"Mimi ni Mwanaamina, natoka kwa Tamimu, Kasulu. Nimekuja kuhusu chakula chake."

"Alhamdulillahi!" Yule mwanamke akamkumbatia. "Mimi mwenyewe nilitaka kuja huko. Nampima, namnenepesha, akienda kwako anarudi kiuno kimenywea, majirani wananicheka kwamba sijui kupika. Hebu niambie, wifi yangu, huyo kaka yako unamlisha nini?"