Mchaga Aliyepelekwa Darasa la Tatu

Wewe mwenzangu, ungeingia mlango upi, kama mmoja ni wa wasiojua kitu na wa pili ni wa wanaojua, na watu wamekwisha kukuandika kwamba unajua?

Hedwiga alikuwa amesimama kwenye veranda ya ukumbi pale Sokon I, daftari la kurasa mia kwapani, pindo la sketi bado lina unga wa mahindi. Ndani watu wazima walikuwa wakifundishwa Kimeru. Mwalimu Loishiye, mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alichukua kalamu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Jina?"

"Hedwiga Kessy."

"Mchaga!" Mzee akafurahi. "Sasa Kimeru kikushinde kwa lipi? Kichaga na Kimeru wamenyonya ziwa moja. Nenda darasa la tatu. La kwanza ni la akina Tejas."

Tejas, muuza vipuri wa Ngarenaro, akampungia mkono toka benchi la mbele. "Dada, usije huku, sisi bado tunahesabu mpaka kumi!"

Watu wakacheka. Hedwiga naye akacheka, akaenda la tatu. Angesemaje mbele za watu kwamba amezaliwa Ngarenaro, nyuma ya gereji, na Kichaga anachokijua ni salamu za msibani tu?

Alikuja kwa ajili ya mama mkwe wake, Bibi Aikaeli. Masika yaliyopita bibi aliteleza shambani kwake Akheri, kule mlimani, akalala kwenye tope tangu asubuhi mpaka saa tisa bila mtu kupita. Wanawe wakamteremsha mjini, Kijenge, kwa Hedwiga. Mguu ukapona. Lakini wiki ya tatu Kiswahili kikamtoka chote, akabaki na Kimeru. Daktari akampima, akasema uzee una mambo yake.

Ikawa tabu. Bibi anaomba kitu, Hedwiga analeta maji. Siyo. Analeta kanga. Siyo. Analeta uji, na uji unapoa. Eliya, mume wake, ni dereva wa watalii, yuko porini majuma mawili mawili. Akipiga simu, bibi aliongea naye kirefu, machozi yakimshuka mpaka kidevuni.

"Anasema nini?" Hedwiga aliuliza.

"Anasema yuko salama."

Mtu aliye salama analia nini? Hedwiga akajiuliza.

Mwezi ulipoanza alikuja Hans, mtoto wa kwanza wa bibi. Alikuta mama yake na Hedwiga wanaonyeshana vidole kama mabubu, akakasirika.

"Shemeji, sikulaumu. Lakini mwezi huu ukiisha hamjaelewana, mama anarudi Akheri. Siwezi kumweka mahali ambapo hata maji hawezi kuomba."

Hedwiga akaliona lile tope tena. Akaona saa tisa inafika, na safari hii hakuna anayepita. Kesho yake ndiyo akaenda ukumbini.

Majuma mawili alikaa darasa la tatu. Wenzake walisimuliana hadithi, wakicheka naye akacheka, akichelewa kidogo. Mwalimu akimuuliza kitu aliitikia kwa kichwa, mwalimu akamsifu. Aliandika kurasa kumi na nne asizozielewa. Bibi Aikaeli alizifunua moja moja, akampigapiga begani, akaendelea kumenya maharage huku akiimba pole pole. Hedwiga akajifungia chooni, akalia.

Jumapili Eliya alipiga simu. Hedwiga aliongea naye jikoni, bibi akichambua mchele mlangoni.

"Sielewi hata neno, baba Neema. Kesho naomba kurudi la kwanza, aibu na ife."

Asubuhi daftari halikuonekana. Alilitafuta chini ya vitanda na juu ya kabati, akalikuta saa sita ndani ya debe la unga, chini kabisa. Uzee, akawaza. Akalikung'uta, akaenda.

"Karibu dada!" Tejas akamsogezea benchi. "Mwalimu, andika tarehe, leo Mchaga ameshuka!"

Mwalimu Loishiye alivua miwani. "Mama, kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza, mwalimu. Uliuliza jina tu."

Darasa la kwanza walisema neno moja mara ishirini. Maji. Njaa. Mguu unauma. Nifunike. Lete fimbo. Hedwiga aliyasema barabarani, aliyasema akisonga ugali, majirani wakadhani anasali. Nyumbani aliyajaribu kwa bibi, na bibi akageukia ukutani. Hedwiga akajua matamshi bado, akakazana.

Siku ya mwisho ya mwezi Hans alifika saa nne asubuhi, gari akaligeuza kabisa kuelekea getini. Nguo za bibi zilikuwa zimekwisha kufungwa kwenye kitenge, Hedwiga hakujua nani amezifunga.

"Mama," Hans akasema kwa Kiswahili, kisha akakumbuka, akarudia kwa Kimeru, "mwombe kitu."

Bibi akasema jambo kwa haraka, maneno yakikanyagana.

Hedwiga akaenda ndani. Akarudi na fimbo, na maji ya uvuguvugu kwenye kikombe cha bati, akapiga goti, akasema kwa Kimeru, sentensi nzima, bila kuangalia daftari: kunywa mama, nimekuelewa.

Hans alipiga makofi. "Basi! Imekwisha. Mama anakaa hapa moja kwa moja, shemeji, Mungu akubariki." Akafungua kile kitenge mwenyewe, akazirudisha nguo kabatini, akaondoka akipiga honi.

Hedwiga alikuwa bado amepiga goti, analia kwa furaha. Bibi Aikaeli alingoja mpaka mlio wa gari ukapotea. Akaweka kikombe chini bila kunywa.

"Hedwiga mwanangu," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, "kwa nini umejifunza? Mimi nilikuwa nataka kurudi kwangu."