Gari la Serhan

Serhan alipiga magoti nyuma ya kituo cha mafuta, akawa anakwangua kwa ukucha kibandiko cha kampuni iliyomkodisha gari kule Mersin mjini. Kilipobanduka chote, alitundika ushanga wa buluu wa kukinga kijicho kwenye kioo cha ndani na kumwaga maganda ya mbegu za alizeti sakafuni, ili gari lionekane lina mwenyewe.

Miaka kumi na mmoja iliyopita baba yake, mzee Bahattin, aliuza shamba la malimau ili mwanawe aende Ujerumani. Mwana akaenda, akaosha vyombo hotelini, na mpaka leo anaosha. Kwenye simu alisema ni meneja, tena ana gari. Sasa gari lilitakiwa lionekane. Wakiuliza mbona halina namba za Ujerumani, angesema la kule liko gereji, hili kalinunulia likizo tu.

Hakuna aliyeuliza. Baba alilizunguka mara moja, akasema mashallah, akapanda.

"Tupitie mkahawani, baba. Wazee wakuone."

"Wananiona kila siku. Twende zetu baharini, tukale samaki."

"Dakika mbili tu."

Mkahawani wazee waliacha dhumna, wakatoka nje. Mzee Durmuş alipapasa boneti.

"Hongera, bwana mkubwa. Mlimani linabugia mafuta, au siyo?"

"Kidogo," alisema Serhan, ambaye hakuwa amelipandisha mlima wowote.

Mmoja alipaliwa na chai. Bahattin aliinamia viatu vyake. Serhan alidhani mzee anajizuia asijivune mbele za watu, na aibu ikamchoma. Baba wa watu anaona fahari juu ya uongo!

Walizunguka pwani kutwa nzima, mpaka Kızkalesi na kurudi. Kila baba aliposifu ulaini wa viti, Serhan alitamani ardhi ipasuke immeze. Walipokuwa wakila alianza mara mbili kusema ukweli, na mara zote mbili baba akamwekea kipande cha samaki kwenye sahani.

"Kula kwanza, mwanangu. Umekonda."

Waliporudi nyumbani, jua halijazama, Serhan alikata shauri: atoe zawadi, kisha aseme yote, liwalo na liwe. Lakini buti la gari lilikataa kufunguka. Akabonyeza, akavuta, akatukana chinichini. Jasho lilimtoka. Majirani wakaanza kuchungulia madirishani, na mwenye gari hajui kufungua gari lake.

Bahattin alisogea, akamsukuma kando taratibu kwa bega.

"Piga ngumi hapa juu ya namba, ndipo uvute," alinong'ona. "Mwezi uliopita, gari hili lilipokuwa la mtoto wa jirani Nezahat aliyekuja likizo, tulihangaika nalo hivi hivi."